Soksi za Kijivu

Akina mama walioleta watoto kituoni kupimwa utapiamlo walimwita Utepe, na jina alilopewa na wazazi likapotelea humo humo kwenye foleni. Kituo chenyewe kilikuwa darasa lililoondolewa madawati. Misimu mitatu mvua ilikuwa imewapa watu mgongo, na kile kilichosazwa na jua kilichukuliwa na wenye bunduki.

Kazi yake haikuwa na mambo mengi. Alizungusha utepe kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, akasoma rangi. Nyekundu, mtoto anapewa chakula dawa, ile siagi ya karanga ya paketi, siku hiyo hiyo. Njano, arudi wiki ijayo. Kijani, aende nyumbani na mgawo wa unga wa familia. Kisha viatu vinavuliwa, mtoto anabonyezwa miguu kwa kidole gumba huku mpimaji akihesabu: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Kidole kikiacha shimo, basi huo unene si unene, ni maji ya njaa, na utepe hata ukisema kijani usiusikilize. Muuguzi mkuu alikuwa amewaimbia wapimaji wimbo huo mpaka wakauota.

Jumatatu moja dada yake akatokea mlangoni. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa ametembea siku mbili, mgongoni kambeba mwanawe wa miaka miwili, shati safi, soksi za kijivu zimevutwa mpaka magotini.

"Haya, wenye ndugu ndani wamefika," mama mmoja akasema kwenye foleni.

"Sisi wengine tutabaki na ndugu zetu wa kuazima unga," mwingine akadakia, na watu wakacheka.

Utepe hakucheka. Wiki iliyopita tu mtunza ghala alikuwa amefukuzwa kwa kumpitishia shemeji yake magunia mawili mlango wa nyuma. Akamwambia dada yake akae nyuma kama wengine. Dada akakaa, wala hakununa.

Zamu yao ilipofika jua lilikuwa utosini.

"Mbona kapoa hivi?" Utepe akauliza, akimshika mtoto kidevu.

"Njia hiyo. Wewe mtazame mashavu, mwenzio kanona. Majirani wananiuliza namficha wapi huyo mbuzi ninayemchinjia. Viatu vyenyewe vimemkataa, ndiyo nikamtia soksi. Anakua huyu."

Akamzungushia utepe mkononi, ukasema kijani. Mkono wa Utepe ukashuka kwenye soksi, ukagusa mpira wake uliobana.

"Huyo wa kwenu atapimwa mpaka jioni?" ikauliza sauti ile ile ya foleni.

Akaurudisha mkono.

"Kijani," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Unga tu. Anayefuata."

"Ndiyo kazi hiyo, mdogo wangu," dada yake akasema, akimfunga mtoto mgongoni. "Usinipendelee." Akaondoka mara hiyo hiyo na unga wake kichwani, maana ilisemekana barabara ingefungwa.

Siku ya kumi na moja, mama mgeni kabisa alimvua mwanawe viatu vilivyokatwa mbele kwa kisu. "Vimembana," akaeleza. "Anakua."

Utepe akabonyeza, akahesabu. Alipoinua kidole, shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Akabaki amelikodolea macho mpaka muuguzi akamgusa bega.

Barabara ilikuwa imefungwa kweli. Kila asubuhi aliwafuata madereva wa malori ya chakula, na kila asubuhi walimjibu kwamba huko kunapigwa risasi, asubiri. Akasubiri siku tisa. Ya kumi akapanda juu ya magunia, mfukoni ana paketi sita za chakula dawa ambazo muuguzi alimtilia sahihi bila kumuuliza swali.

Alimkuta dada yake amekaa kizingitini, mikono mitupu. Kabla hajashuka vizuri, alikwisha kujua.

"Siku ya tano leo tangu tumzike," dada akasema. "Alizidi kuvimba. Watu wakaniambia mpeleke kwa wale masista wa ng'ambo ya mto, huko njia ilikuwa bado haijafungwa. Nikawaambia mama yake mdogo amempima kwa mkono wake, yuko kijani. Nikawaona wana wivu."

Utepe akakaa chini, kwenye vumbi.

"Dada, sikumvua soksi."

"Nini?"

"Hupimwa mkono na miguu. Mtoto wa kila mtu namvua. Wa kwako sikumvua. Niliogopa maneno ya foleni."

Dada yake akakwangua tope kavu kwenye kizingiti kwa kucha.

"Zile soksi niliziazima," akasema hatimaye. "Sikutaka uaibike mbele ya wenzako, mtoto wa ndugu yako aje miguu mitupu." Kisha akauliza, "Kumpima miguu kunachukua muda gani?"

Hesabu ile ikamjia Utepe yenyewe.

"Nijibu. Muda gani?"

"Ni kuhesabu mpaka tatu, dada."

Dada akainuka, akaingia ndani. Mlango aliuacha wazi, ila hakumwambia karibu.