Jiko Jeupe na Ndizi Mbichi

Maneno yenyewe niliyapata sokoni Mwika, kwa mama mmoja muuza maharage. Aliniambia kwamba watu wa Kwa Sadala, ambako kijana wangu Ronald alikuwa amepata mchumba, hawaozeshi binti kwenye nyumba ya moshi. Eti Violet wao amesoma, anafanya kazi ofisini Bomang'ombe, na macho yake si ya kupuliza moto. Nikamwuliza ameyasikia wapi. Akasema yanasemwa tu. Sasa mimi, jambo likiwa linasemwa tu, ndipo silali kabisa.

Mume wangu Filemon alinishauri ninunue maharage nikae kimya. Sikukaa kimya. Miaka hiyo vitu vilikuwa vimeanza kujaa madukani, siyo kama zamani tulipopanga foleni ya sabuni. Nikauza ndama, nikashuka Moshi mjini, dukani kwa Anwar. Nikakuta pasi za umeme, mabirika ya umeme, mashine za juisi, na jiko la gesi la plate mbili. Anwar akasema jiko hilo halijawahi kumkohoza mtu. Nilirudi nalo, na birika juu yake.

Jiko jipya likahitaji jiko jipya la kuliweka. Fundi akang'oa mafiga. Akabomoa na dari la miti lililokuwa juu ya moto, jeusi kwa masizi tangu enzi za mama mkwe, Mektrida. Akapigilia silingibodi, akasakafia saruji, akapaka kuta rangi nyeupe. Kukapendeza mpaka nikawa naogopa kumenya ndizi humo ndani. Filemon akawa kila akifika mlangoni anavua kofia na kuuliza kama daktari yupo.

Wifi yangu Eliona, dada yake Filemon, ameolewa kihamba cha jirani, shamba linalopakana na letu. Nilimwita aje aone, nikamweleza na madhara ya moshi, kwamba kwa mafiga yake atakuja kupofuka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wifi, macho yangu bado yanaona vizuri," akasema. "Hata sasa yanakuona unavyopika umevaa viatu."

Mwezi wa saba ukafika ujumbe kutoka Kwa Sadala: njooni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwetu upande wa kijana ndio unaobeba mbege, pombe ya ndizi. Wazee wa binti wasipoonja pombe yenu, hakuna anayefungua mdomo. Filemon akakata mikungu ya ndizi, akaniletea jikoni, kisha akatazama juu kwenye silingibodi.

"Tunaiweka wapi?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Ndizi za mbege huwekwa darini, juu ya moto wa kila siku. Joto na moshi ndivyo vinavyoziivisha zote kwa pamoja. Kwangu hakukuwa na dari wala moshi, na kwenye mlima mwezi wa saba ukungu hauondoki mpaka mchana. Nilizilaza kwenye saruji, zikabaki kijani kama zilivyotoka shambani. Nikazifunika mablanketi. Filemon alipokosa la kwake, akauliza kama mkungu umepata homa. Nikaning'iniza mmoja juu ya gesi nikawasha plate zote mbili. Ukaungua upande mmoja, upande wa pili ukabaki mbichi, na mtungi ukaisha. Gesi nyingine ilikuwa Moshi mjini.

Ronald alikuja akazibonyeza ndizi, bado zilikuwa ngumu kama mawe. Akasema basi tupeleke kreti za bia na soda. Baba yake akamwambia watadhani amekwenda kufungua baa. Ronald hakucheka. Akaniuliza kwa nini nilivunja jiko, nikamweleza yale ya sokoni.

"Mama, kwao Violet wanapikia kuni," akasema. "Nimekula pale huku natoa machozi. Si ungeniuliza?"

Ndipo akasema lililokuwa linamsumbua. Tukiahirisha, itakuwa mpaka kahawa iishe kuvunwa, na kuna kijana mwingine wa Hai ambaye wazazi wake wameshapeleka salamu kule.

Asubuhi yake nilijitwika mkungu kichwani nikaenda kwa Eliona. Nilipita katikati ya migomba nikiwa nimepanga maneno mengi ya kuomba, lakini aliponiona tu akaanza kupanga nafasi darini.

"Ndizi zako nitazipandisha," akasema. "Lakini moto wangu hauna mtungi, wifi. Kaa hapo upulize."

Nikakaa. Nilipuliza asubuhi na jioni, macho yakawa mekundu, na yeye akipita ananiuliza kama bado namwona. Ndizi zikaiva, zote kwa pamoja. Tukazichemsha mpaka zikawa nyekundu, tukaziacha zichachuke, tukachuja, tukachanganya na uji wa kimea cha ulezi. Siku zilikuwa zimetubana kabisa. Mbege ilianza kutoa povu tukiwa tumeshavaa nguo za safari.

Kule Kwa Sadala alionja mzee Thadeus, baba mkubwa wa Violet. Aliinamisha uso kwenye kibuyu, akanywa. Ronald alikuwa anafuta viganja kwenye suruali.

"Nani amepika?" mzee akauliza.

Nikasema mimi na wifi yangu. Eliona akasema taratibu kwamba yeye alikuwa anasimamia tu.

Mzee akanywa tena, mara hii kwa muda mrefu, mpaka aliyekaa pembeni yake akanyoosha mkono kudai kibuyu. "Sogeeni karibu basi," akasema. "Mmekuja kumwulizia nani?"

Violet tunaye sasa. Gesi nimeibakiza, maana chai ya alfajiri inachemka kabla sijafunga khanga vizuri, na hilo nalilipia kwa moyo mmoja. Nyuma ya nyumba Filemon amenijengea jiko lingine, lenye mafiga na dari. Nawaandikia wenzangu wenye vijana wa kuoa. Epukeni haya:

Kununua chombo kwa sababu ya maneno ya sokoni kabla hujamwuliza kijana wako.

Kubomoa dari kabla hujajua ndizi zitaivia wapi.

Kuivisha ndizi kwa gesi.

Kuwa na mtungi mmoja tu, kama unakaa mbali na mjini.

Kumfundisha wifi yako habari za moshi.

Rangi nyeupe jikoni.

Birika la umeme. Umeme unakatika maji yakiwa vuguvugu.

Mashine ya juisi, mpaka mgao uishe.