Sakafu Iliyonishitaki

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama katika karakana ya misheni, ambamo hata panya waliijua kanuni: ubao uliopinda haukandamizwi juu ya mashine ya kuranda. Ukiukandamiza, utalala bapa kwa hofu. Mkono ukiondoka, utaurudia upindo wake.

Fundi Gaudensi, aliyenifundisha kazi na ambaye tulimzika miaka ishirini iliyopita, aniamuru nivue kofia. Namshukuru kwa kunikumbuka, kisha navua.

"Osmundi," asema, "umeshitakiwa."

"Na nani, Fundi?"

"Na sakafu."

Natazama chini. Sakafu ya saruji yajiinua kidogo, yakohoa vumbi, yasalimu kwa adabu.

"Shikamoo, Mzee. Mwaka wa ndoa yako ulitengeneza meza ya mninga. Ubao ulikuwa umejikunja, nawe ulikuwa na haraka, ukaukandamiza kwa mikono miwili. Meza ikayumba. Mama Kizito alipouliza sababu, ulimjibu nini?"

Mama Kizito ni mke wangu. Nilimjibu kwamba sakafu ndiyo mbovu.

"Miaka arobaini na mmoja," yasema sakafu, "sisi sakafu twasingiziwa."

Wanangu niliwachapa kwa uongo mdogo kuliko huo.

Hapo karakana imekuwa kanisa, wala hakuna anayeshangaa. Mbele ya mabenchi ipo mashine ya kuranda: meza mbili za chuma, na kati yake visu vinavyozunguka.

"Huyu ndiye wa kunyooshwa?" yauliza mashine.

"Ndiye," ajibu Fundi.

"Basi alazwe. Uso kwanza, ubavu baadaye."

Nalazwa kifudifudi. Mashine yachunguza nywele za miguuni mwangu. "Nyuzi zake zaelekea huku," yasema. "Tukimsukuma kinyume, atachanika."

Naishukuru kwa uangalifu wake.

Taabu ni kitambi. Kimegusa chuma peke yake, kichwa na miguu vimebaki hewani, nami nayumba kama meza yangu. Mafundi wawili niliosoma nao waja kunikalia mgongoni.

"Tumkandamize tu," asema mmoja. "Umri huu hawezi kurudi alivyokuwa."

"Atarudi," ajibu mwenzake. "Namfahamu."

Ndipo Mama Kizito ainuka katika benchi la wanakwaya, mwiko mkononi.

"Mwacheni alale alivyo. Nimeishi naye miaka yote hiyo, sijamkandamiza hata siku moja. Sukumeni taratibu, visu vitakula palipozidi."

Aniwekea kiganja mgongoni, chepesi kama cha mtu anayepima homa ya mtoto. Nasukumwa. Visu vyaimba. Siumii. Kwa upande wa pili watoka utepe mmoja mwembamba, wanukia mninga. Fundi Gaudensi auokota, aukunjua, asoma kwa sauti:

"'Ni mimi, si sakafu.' Hili ndilo lililokuwa limezidi, Osmundi. Nenda ukalilipe."

Nikaamka. Kulikuwa kumekwisha kucha. Kifungo cha katikati cha shati langu la kulalia, pale kitambi kinapotangulia, kilikuwa kimerandwa kikabaki nusu ya unene wake, laini kama kioo. Vifungo vingine vilikuwa vizima.

Nilimkuta Mama Kizito sebuleni akikunja kipande kipya cha kadibodi, cha kuweka chini ya mguu wa meza. Hufanya hivyo kila mara kile cha zamani kinapochakaa.

"Mama Kizito," nikasema, "lile jambo la sakafu. Haikuwa sakafu. Ni mimi niliyeukandamiza ubao."

Hakuinua macho. "Baba Kizito, tumehama nyumba mara mbili. Meza imeyumba katika nyumba zote tatu."

"Kumbe ulijua."

"Tangu nyumba ya pili."

"Na hukusema neno."

"Ningekubana, ungekubali. Kesho yake ungerudi palepale."

Nikamshukuru kwa maneno kamili, kama nilivyopaswa kufanya mapema sana. Kisha nikapiga magoti, jambo ambalo siku hizi huchukua muda, nikaweka kiganja juu ya saruji, nikaiomba radhi, iipokee pia kwa niaba ya zile sakafu mbili tulizoziacha.

Mama Kizito alingoja nimalize. Halafu akaninyooshea ile kadibodi.

"Maadamu uko huko chini," akasema, "iweke."

Nikaiweka.