Wa Tisa

Mimi kiboko namwogopa kuliko kifo, na kazi yangu ni kumhesabu. Cheka ukitaka, mdogo wangu Elia hucheka kila siku.

Utaratibu wetu ni huu: mimi nakaa mbele ya boti, Elia nyuma, kila mtu anahesabu kimya kimya na kuandika kila kiboko alipo, bila kumwonyesha mwenzake. Mwisho tunalinganisha karatasi, tujue macho yetu yamekosa wangapi.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumemaliza mlango wa mto Luiche, kusini mwa Ujiji, injini ikazima. Kipande cha wavu kilikuwa kimejisokota kwenye propela. Bonfils, nahodha wetu, alichukua kisu; Elia akamnyang'anya, akavua shati na kushuka. Maji yalimfika kifuani.

"Dada Honorata, usinitolee macho hivyo. Wote si wale pale ng'ambo?"

Kweli, wanane walikuwa wamelala kwenye matete ya mbali. Nikalinganisha karatasi zetu huku namngoja. Mimi sita, yeye sita. Wanne tuliwaona sote wawili. Jumla wanane. Lakini kati ya sita wake mimi niliona wanne tu, yaani katika kila watatu namkosa mmoja. Basi kama nimeona sita, wapo tisa.

Nikainama ukingoni mwa boti.

"Elia, panda!"

"Bado kidogo."

"Kuna wa tisa!"

"Yuko wapi?"

"Hesabu haisemi yuko wapi! Panda, mwana wa mama yangu, nakuomba!"

Alicheka, mjinga yule. Alicheka mpaka Bonfils alipomshika kwapani na kuanza kumvuta. Nikadaka mkono wa pili. Mapovu yalikuwa yanatujia kutoka kwenye kina, mstari mmoja ulionyooka, na mimi navuta huku nalia kwa sauti.

Miguu yake ilikuwa ndiyo kwanza imetoka majini kichwa cha kiboko kilipoibuka pale alipokuwa amesimama, kinywa wazi. Boti ikayumba. Bonfils akavuta kamba ya injini mara mbili. Ikawaka, kumbe wavu ulikuwa umeshakatika.

Tulipofika mbali Elia alikuwa bado ameng'ang'ania gauni langu, meno yanagongana.

"Andika tisa, dada."

Bonfils alikuwa anatazama nyuma. Ubavuni mwa yule mnyama kilikuwa kimechomoza kichwa kidogo.

"Kumi," alisema. "Ana mtoto."

Sikuandika. Nilikuwa nahesabu miguu ya Elia: mmoja, miwili. Nikahesabu tena.