Bildi Katika Bwawa Kavu

"Mto huu unaitwaje?" Faraji aliuliza.

Mwaija alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa chumba cha boti, akimenya viazi ndani ya beseni alilolibana kwa magoti lisiteleze. Aliinua uso. Mbele na nyuma, kulia na kushoto, hapakuwa na kitu ila bahari. Pemba ilikuwa imezama nyuma yao tangu asubuhi, na milima ya Usambara ilikuwa bado haijachomoza upande wa bara. Mume wake alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, mkono juu ya usukani, akiyatazama mawimbi kama abiria aliyeshushwa kituo asichokijua.

Alidhani ni mzaha, maana Faraji alikuwa mtu wa mizaha. Akasubiri kicheko, nacho hakikuja. Mume wake alikunja kipaji, midomo ikamcheza kama ya mtu anayelitafuta jina la ndugu yake, kisha uso ukamrudia taratibu.

"Viazi hivyo usisahau kuvitia limau," akasema, akausogeza usukani kidogo. Tanga likajaa upepo kama kawaida.

Mwaija aliendelea kumenya. Ganda lilikatika mara tatu kabla kiazi hakijaisha.

Huo ulikuwa mwaka wao wa tatu ndani ya boti. Faraji alizaliwa Old Korogwe, mjukuu wa manamba aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge, na kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa mitambo ya dizeli katika shamba moja la mkonge. Siku za mapumziko alikuwa akiteremka Tanga kumtengenezea injini Mzungu mmoja mzee aliyeishi ndani ya boti ya matanga. Mzee yule alimlipa kwa kumfundisha bahari, hatua kwa hatua, kama mtu anavyomfundisha mwanawe kusoma. Alipougua na kurudi kwao, alimwachia boti yenyewe. Faraji aliipaka rangi mpya, akaiita *Luengera*, jina la mto aliouogelea utotoni, kisha siku aliyostaafu akamwambia mkewe, "Tumeishi kwa king'ora cha kiwanda miaka yote. Sasa tuishi kwa upepo."

Watu walicheka. Mzigua wa Handeni na mjukuu wa manamba wakaishi juu ya maji! Lakini walikwenda, na Mwaija hakujuta, ingawa yako mambo ambayo hakuwasimulia wanawake wenzake. Aliwasimulia asubuhi za Mafia, maji yakiwa maangavu hata kivuli cha boti kikaonekana kimelala mchangani chini. Hakuwasimulia magodoro yaliyonyonya chumvi yasikauke tena, choo cha pampu kilichoziba katikati ya dhoruba, wala ile wiki ya mvua walipokosa kusemeshana. Watu wawili ndani ya boti ya mita tisa hawana mahali pa kununiana; hata hasira yako hukaa mezani pamoja na ya mwenzio.

Jambo moja lilimpa heshima mbele ya mabaharia wote: maji ya kunywa. Alikulia Handeni, ambako ndoo moja ilifuatwa tangu alfajiri, na aliweza kuosha vyombo kwa vikombe viwili na uso kwa kiganja kimoja. Tangi ambalo wengine wangelimaliza kwa siku tisa, yeye alilifikisha siku ishirini na mbili. Ila usukani hakuwahi kuushika. Bahari ilikuwa ya Faraji. Jiko na tangi vilikuwa vyake. Walikuwa wamegawana dunia namna hiyo, na mgawanyo ule haukumtia hofu hata siku moja, mpaka alipoulizwa jina la mto.

Baada ya siku ile alianza kuona. Fundo la kamba ya nanga lilifungwa namna ambayo lingefunguka lenyewe. Bomba la maji ya bahari liliachwa wazi, Mwaija akaamka kutoka usingizi wa mchana na kukuta mikeka ikielea. Faraji aliyafuta maji akipiga mluzi, kisha akamwuliza nani aliyelifungua.

"Labda mimi, Baba Yusra," alijibu. Ulikuwa uongo wake wa kwanza, na ulimtoka kirahisi kuliko alivyotazamia.

Mwezi wa pili walipanda basi kwenda Korogwe kumwona binti yao, Yusra, aliyekuwa mwalimu huko Kerenge na ndiye sasa aliyekaa katika nyumba ya ukoo, Old Korogwe. Pale mjini Faraji akawa mzima kabisa. Aliwajua wote waliomwamkia, na watoto wao, na mitambo waliyowahi kuiendesha. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa imelala wiki mbili. Akaitegea sikio, akaifungua, na kufikia adhuhuri ilikuwa ikinguruma. Mwaija alipomvuta bintiye pembeni na kumweleza, Yusra alimtazama kwa huruma, kana kwamba yeye ndiye wa kuhurumiwa.

"Mama, mtazame mwenyewe. Huyo ndiye mgonjwa?"

"Ameniuliza jina la mto, tupo katikati ya bahari."

"Jua kali hilo. Nani asingechanganyikiwa? Ninyi ndio mmechoka na maisha ya kuyumbayumba."

Mwaija akaanza kujishuku. Huenda macho yake ndiyo yaliyokuwa na ukungu. Yapo maradhi ambayo aliye karibu nayo pekee ndiye huyaona, na kwa kuwa ni yeye pekee, huonekana yeye ndiye mwenye kuumwa.

Wiki iliyofuata walikwenda Handeni kwenye arobaini ya mjomba wake Mwaija. Nyumba ilikuwa nje kidogo ya Chanika ya Handeni, na kiangazi kilikuwa kimeyala majani yote hadi mizizi. Wakati visomo vikiendelea, Mwaija, aliyekuwa jikoni na wanawake, alisikia kicheko kikipita ua kwa ua. Wanawake waliotoka kutafuta maji waliingia na ndoo tupu, wakifuta machozi ya kucheka.

"Kuna mzee bwawani anavua samaki kwenye vumbi," mmoja alisema.

Mwaija aliweka mwiko chini. Hakuuliza ni mzee gani.

Bwawa lilikuwa mwendo wa dakika kumi. Maji yalikuwa yamelihama tangu mwezi wa kumi na mbili. Sakafu yake ilikuwa imepasukapasuka vipande kama vigae, na kwato za ng'ombe zilikuwa zimeganda ndani ya udongo. Faraji alisimama ukingoni, kanzu yake ya arobaini ikipepea. Mkononi alikuwa na kamba ndefu aliyoifunga jiwe mwishoni. Alilirusha mbele kwa ustadi wote wa kazi ile, kama mtu aliye omoni, mbele ya chombo, akipima kina cha bahari kwa bildi. Jiwe likaanguka pu! juu ya udongo. Akaivuta kamba mpaka ikakaza, akaihesabu kwa mikono iliyonyooshwa, kisha akapaza sauti bila kugeuka.

"Pima nne!"

Watu watano au sita walikuwa wamesimama mbali wakitazama. Hakuna aliyecheka tena. Mwaija aliwapita, akateremka, akasimama hatua mbili nyuma ya mumewe, mahali ambapo sauti ya mtu wa usukani hutokea. Alijua jibu lililotakiwa. Alikuwa amelisikia mara elfu, ingawa siku zote aliyelitoa alikuwa Faraji, akijijibu mwenyewe.

"Pima nne, nimesikia," alisema.

Faraji aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Akarusha tena. Mara ya tatu mkono ulisita hewani. Akalitazama jiwe, akautazama udongo, akaitazama kanzu yake. Mwaija aliuona ufahamu ukimshukia, akatamani ungechelewa kidogo, walau hadi watu wale waondoke.

"Wameona?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wameona."

Aliketi juu ya udongo. Mwaija akaketi kando yake.

"Baba yangu ilimwanza hivihivi," Faraji alisema. "Alikuwa akitoka nyumbani kwenda kukata mkonge usiku wa sikukuu. Tukamtia chumba cha uani. Miaka mitatu, Mwaija. Chakula tulimpitishia dirishani, na mwishoni alikuwa akisikia hatua tu anaomba msamaha, hajui kosa lake." Alisugua viganja vyake kama vinavyowasha. "Aliyetia komeo ni mimi. Kila jioni, mimi."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba nimekaa nikisubiri zamu yangu?"

Upepo ulisomba vumbi kutoka upande mmoja wa bwawa hadi mwingine. Mwaija alichukua ile kamba, akaanza kulifungua jiwe. Fundo lilikuwa limefungwa sawasawa kabisa, na lilimchukua muda mrefu.

Habari hazihitaji nauli. Waliporudi Old Korogwe kesho yake, Yusra aliwapokea barazani akiwa na macho mekundu. Alimwamkia baba yake, akamshika mkono kwa namna mpya, ya kumwongoza, kama ashikwavyo kipofu. Alikuwa amemwandalia baba chumba kizuri cha uani, alisema, chenye ubaridi. Amekipaka chokaa na kuweka kitanda kipya.

Mwaija alikwenda kukitazama. Kitanda kilikuwa kizuri kweli. Chandarua kilikuwa cheupe. Mlango ulikuwa umetengenezwa upya, na juu yake komeo jipya la chuma, bado lina mafuta ya dukani. Lilikuwa upande wa nje.

"Ni kwa usalama wake tu, mama," Yusra alisema nyuma yake. "Asipotee. Mto uko pale, barabara kuu iko pale. Nami kutwa nzima niko shuleni."

"Babu yako aliishi humu?"

"Sijui. Nilikuwa sijazaliwa."

Alimwangalia bintiye. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa ameipaka chokaa ile kwa mikono yake mwenyewe. Matone bado yalikuwa kwenye vifundo vya vidole. Mwaija aliona jinsi upendo unavyoweza kushika komeo bila mkono kutetemeka, na hilo lilimtisha kuliko lile bwawa.

"Kesho tunarudi Tanga," alisema.

"Kwenye boti? Na akikusahau katikati ya maji? Nani atawarudisha?"

"Mimi."

"Mama, wewe hujui hata kuogelea!"

"Sijui," Mwaija alikubali.

Masika yote walikaa ndani ya ghuba ya Tanga, mvua ikipiga sitaha, wakifundishana. Faraji alijua kwamba muda wake una tundu, akafundisha kwa pupa. Alimfundisha kupandisha tanga na kulipunguza kabla upepo haujalazimisha. Kuitambua rangi ya maji, kwamba buluu iliyokolea ni kina na rangi ya chai ya maziwa ni mwamba. Kwamba pwani yenye miamba haipitwi ila jua likiwa utosini. Zipo siku alizosomesha hadi koo likamkauka. Zipo siku nyingine aliamka akamtazama Mwaija akifunga kamba, akamsifu kwa adabu anayopewa mgeni: "Mama, umejifunzia wapi kazi hii?" Siku hizo Mwaija alijibu, "Kwa fundi mmoja wa Korogwe," kisha akaingia ndani, akakaa juu ya ngazi mpaka aweze kutoka tena.

Yusra alipiga simu kila Ijumaa. Hakuuliza tena watarudi lini. Aliuliza tu, "Leo amekujua?"

Mwezi wa sita, kusi, upepo wa kusini, ikiwa imekwisha kukomaa, waling'oa nanga kuelekea kisiwa cha Kwale, kaskazini. Ilikuwa safari ya saa chache, Faraji aliichagua mwenyewe asubuhi ile, akili ikiwa safi kama kioo, akamwonyesha mkewe kwenye ramani na kumwambia, "Leo usukani ni wako. Mimi nitakuwa macho yako tu." Wakasubiri jua likae utosini. Mwaija aliketi mahali ambapo kwa miaka mitatu hakuwahi kuketi. Mbao za pale zilikuwa zimelika kwa umbo la mwili mwingine.

Waliufikia mlango wa miamba wa kutokea ghubani upepo ukiwa umezidi. Kusini, mawingu yalikuwa yamejipanga chini chini, ya rangi ya chuma. Faraji alikwenda omoni, akashika kamba ya mlingoti kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaanza kuonyesha njia kama walivyokubaliana: mkono kulia, boti kulia, mkono kushoto, boti kushoto. Alionyesha kushoto kidogo, Mwaija akafuata. Kulia, akafuata. Mkono ule ulikuwa thabiti, na moyo wake ukaanza kutulia.

Kisha mkono ukanyooka kushoto, moja kwa moja, bila shaka yoyote.

Mwaija alitazama kushoto. Maji ya upande ule yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Alitazama tena, akidhani ni kivuli cha wingu. Mawimbi yalikuwa yakijikunja pale na kuvunjika kwa sauti nzito, mahali pamoja. Kulia palikuwa na ukanda mwembamba wa buluu. Faraji alikuwa bado amenyoosha mkono, kidole kimoja mbele, kama fundi anayeonyesha palipovunjika.

"Kushoto!" alipaza sauti. Ilikuwa sauti yake ile ya miaka yote, iliyowatoa Mafia katika dhoruba, ambayo Mwaija hakuwahi kuipinga tangu siku ya ndoa. "Mama Yusra! Kushoto!"

Aliusukuma usukani. Boti ililala, vikombe vikaanguka chini jikoni, tanga likapiga kofi moja kubwa. *Luengera* ikageuka kulia.

Mwamba ulipita kando yao karibu kiasi kwamba aliona kome walioshikamana nao, na maji yakinyonywa kutoka juu yake kama pumzi. Hakuna kilichogusa. Kisha rangi ikakolea chini yao, buluu, buluu zaidi, hadi ikawa haina chini.

Faraji alikuwa amegeuka. Mkono wake ulishuka polepole. Aliutazama mwamba nyuma yao kwa muda mrefu, kisha akamtazama mkewe, na katika uso ule Mwaija hakuweza kusoma kama amejulikana au hapana. Alirudi kwa kushikilia ukingo, hatua baada ya hatua, akashuka, akaketi mlangoni mwa chumba cha boti. Akaokota kamba iliyokuwa imetawanyika miguuni, akaanza kuikunja duara juu ya duara, na mikono yake haikukosea hata mara moja.

Mawimbi nje ya miamba yalikuwa makubwa kuliko alivyoyategemea. Kwale haikuwa imeonekana bado. Mwaija aliushika usukani kwa mikono miwili, omo ikielekea kaskazini, na kusi ikazidi kuvuma kutoka nyuma yao.