Doa la Kiti cha M'Ikiara

Akaale alikuwa amesafisha makochi ya Isiolo nzima, kuanzia Kiwanjani alikoishi hadi ofisi za serikali, na hakuna doa lililowahi kumshinda. Wino, damu ya mbuzi, mate ya miraa yaliyokauka miezi sita. Kuna watu wanaoapa kwamba aliwahi kusafisha kochi moja la kijani mpaka likakumbuka lilikuwa jeupe. Kwa hivyo alipoitwa mtaa wa Bulla Pesa na Kagwiria, mjane wa M'Ikiara aliyezikwa miezi mitatu nyuma, akaonyeshwa doa la chai lisilozidi kiganja kwenye kiti cha marehemu, alicheka.

“Mama Muthomi, umeniita kwa hiki kitu kidogo?”

“Kidogo,” Kagwiria akasema bila kucheka. “Wewe kitoe kwanza.”

Mwanawe, Muthomi, alikuwa ametoa amri. Jumamosi wakwe zake wanakuja nyumbani mara ya kwanza, na kama kiti cha baba bado ni kichafu, kinabebwa na mkokoteni kikachomwe. Nguo za mzee zilikuwa zimeshagawanywa, fimbo imechukuliwa na ndugu yake. Kilichombakia Kagwiria ni kiti tu.

Jumatano Akaale alipaka siki iliyochanganywa na maji, akagandamiza kwa kitambaa cheupe bila kusugua, akafyonza kwa mashine. Doa likaondoka. Alhamisi asubuhi simu ikalia.

“Limerudi.”

“Ni maji, mama. Nilitia mengi. Chai ilizama ndani ya sponji, sasa kiti kikikauka inapanda juu. Nakuja.”

Safari hii alivua kifuniko, akaosha sponji peke yake, akaianika kwenye jua la Isiolo. Na jua hilo mnalijua: ukianika shati ukaingia ndani kutafuta kibanio, ukitoka limeshapauka. Kabla ya kurudisha kifuniko alitandika juu ya sponji kitambaa cheupe alichokikunja mara nne. Kama kuna chai iliyobaki chini, ingekamatwa njiani.

Ijumaa asubuhi doa lilikuwa palepale. Akaale akafungua zipu. Mkunjo wa chini, uliolala juu ya sponji, ulikuwa mweupe pe. Mkunjo wa juu ulikuwa umelowa chai. Akaugusa, akaondoa mkono haraka. Ulikuwa na joto.

“Mama,” akasema polepole, “hii haitoki chini. Inatoka juu. Nani anakunywa chai hapa?”

“Si naishi peke yangu?”

“Na hivyo vikombe viwili?”

Vilikuwa mezani, kimoja na chai nusu, kingine kitupu. Kagwiria akajifuta mikono kwenye leso, ingawa ilikuwa mikavu.

“Miaka arobaini na moja nimemimina viwili. Mkono umezoea. Chake nakiweka hapo, kwenye mkono wa kiti. Nikitoka jikoni nakipata kitupu. Nilidhani nakunywa mwenyewe nikisahau.”

“Ee Akuj, Mungu wangu!” Akaale akarudi nyuma, akakanyaga bomba la mashine yake.

“Mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka,” Kagwiria akaendelea. “Kila asubuhi nilimshikia kikombe kwa chini. Siku hiyo nilikuwa na hasira, nikamwambia, shika mwenyewe, wewe si mtoto. Akamwaga. Nikamgombeza, nikaenda kutafuta kitambaa. Kurudi...” Akakitazama kiti. “Doa nililiona kabla sijaona kwamba ameenda.”

Miguu ya Akaale ilikuwa imeshafika mlangoni, amebaki yeye tu kuifuata. Lakini kesho ilikuwa Jumamosi, na kazi yake aliijua: unafuta bure kama anayemwaga bado anamwaga.

“Mama Muthomi, nasafisha mara ya mwisho. Wewe pika chai. Na leo usirudi jikoni.”

Kiti kilipokauka, Kagwiria alipiga magoti mbele yake, akashika kikombe kwa chini kwa viganja viwili.

“Kunywa, mzee,” akasema. “Nisamehe. Polepole, ni moto.”

Akaale, akichungulia mlangoni, alikiona kikombe kikiinama kidogo. Kikainama tena. Mikono ya mama ikatetemeka, halafu ikatulia, kama na yeye ameshikiwa. Hakuna tone lililoanguka.

Jumamosi mkokoteni ulisubiri langoni. Muthomi alikipapasa kiti chote, akakinusa, asipate doa. Wakwe wakaingia. Baba mkwe, mtu mnene wa kutoka Maua, akakiendea kile kiti, akageuka, akateremsha makalio, halafu akaruka kama aliyekalia jiko.

“Pole, mzee!” akasema. “Sikukuona.”

Muthomi akamtazama mama yake. Mama alikuwa akimimina chai.

Muthomi akatoka nje mwenyewe, akamwambia mwenye mkokoteni aende zake. Aliporudi ndani, alipita mbele ya kile kiti akiwa ameinama, vile alivyofunzwa utotoni kupita mbele ya baba yake.