Alama Mbili za Vahwere

Jumatatu saa tatu asubuhi, Félicien, mkuu wa depo ya dawa kule Mudzipela, alijaza fomu za kupima wafanyakazi. Kila fomu ilikuwa na swali moja tu: mfanyakazi huyu ni mzuri kiasi gani, kutoka moja hadi tano? Félicien alifundisha shule miaka ishirini, na walimu wa aina yake hawampi binadamu alama zote. Tano alimwachia Mungu. Nne alijiwekea mwenyewe. Tatu alimpa Claire, katibu wake, kwa sababu anasalimia vizuri. Vahwere, mtunza dawa, akapata mbili.

Kabla ya saa ya chai Vahwere alikuwa amefupika, kimo chake sawa na kiti, blauzi ya kazi ikiburuta sakafuni. Hakuna aliyeshtuka. Mwaka uliopita dereva alipata moja, na aliendesha gari hadi Marabo akiwa amesimama juu ya kiti.

Kilichomuuma Vahwere ni mkataba. Mwenye alama chini ya tatu hapewi mwingine, naye alikuwa na watoto wanne shuleni.

Claire, aliyeionea haya tatu yake, alichapa swali jingine kwenye karatasi safi: mwaka huu, ni dawa ngapi zimeharibika mikononi mwa Vahwere? Akaiweka mbele ya mkuu, Vahwere akiwa amesimama kando.

“Chef, jibu kwanza hii.”

Félicien alifikiri kwa uaminifu. “Hakuna hata moja. Hata ile siku muji yote ilifunga, ni yeye tu alikuya.”

Hakuwa amemaliza kusema, Vahwere alikwisha kurudia kimo chake, kichwa kikagonga rafu ya vidonge. Félicien alimtazama kutoka juu hadi chini, akakiri kwamba huo ndio urefu wake wa kweli.

“Lakini Mama Vahwere,” akasema kwa upole, “iyi swali haiko ku fomu.”

Akaikunja karatasi ya Claire, na Vahwere akashuka tena polepole. Alikasirika, na alikuwa na haki. Fomu ziliondoka na ndege ya mchana kwenda makao makuu.

Ijumaa lilikuja tangazo la kazi. Depo ilitafuta mtunza dawa mwaminifu, asiyekosa kazini, mwenye urefu wa kufikia rafu ya juu. Vahwere alitumwa kulibandika mlangoni. Alilibandika chini kabisa, mkono wake ulipoishia.