Ukurasa wa Tisa

Miaka kumi na tisa Verna Stroupe alikuwa karani wa Hester Gap, mji mdogo wa milimani huko Carolina Kaskazini, na hakuwahi kulichukia gazeti kama Alhamisi ile.

"Wamekosea tena!" alimwambia Wendell Teague, mkuu wa zimamoto. "Mkutano ni tarehe kumi na nne, wao wameandika arobaini na moja. Mwezi gani una siku arobaini na moja, Wendell?"

"Si watu wataelewa tu?"

"Watu wataelewa. Sheria haitaelewa."

Mji ukitaka kukopa benki ujenge jengo na kulipa kwa awamu, sharti wananchi waitwe watoe maoni, na tangazo litoke gazetini siku kumi kabla. Mara ya kwanza tangazo lilichelewa. Sasa hili. Na huku paa la kituo cha zimamoto, ambacho mji ulitaka kukijenga upya, lilikuwa limeporomoka kwa theluji, gari la zimamoto linalala nje, na kila asubuhi Wendell anayeyusha barafu kwenye pampu kwa mashine ya mkewe ya kukaushia nywele.

Tangazo la tatu lilitoka sawa. Mkutanoni akaja mwananchi mmoja tu: Odell Pruett, seremala mstaafu, aliyewahi kupinga hata taa za barabarani. Verna alipomwona na rasimu ya mkataba wa mkopo kwapani, alijua usiku utakuwa mrefu.

"Bi Verna, ukurasa wa tisa umeusoma?"

"Mzee Odell, mkataba huu nimeusoma mpaka nauota."

"Basi umeuota vibaya. Benki inasema tukishindwa kulipa, mji upandishe kodi mpaka deni liishe. Mkopo wa namna hii rehani yake ni jengo lenyewe, basi. Kodi zetu haziwekwi rehani bila sisi kupiga kura."

Verna akasoma. Uso ukamwaka moto. Mwanasheria wa mji akakohoa, akakiri kwamba mzee kasema kweli. Baraza la mji likaahirisha, Wendell akaibwaga kofia yake sakafuni.

Kesho yake Verna alikwenda benki mwenyewe.

"Hiyo ni fomu yetu ya kawaida, mama," alisema ofisa mikopo. "Tunawapa wateja wote."

"Sisi si wateja wote, sisi ni mji. Futa."

Kufuta aya moja kulichukua wiki tatu. Kisha baraza likapitisha, na tume ya jimbo inayosimamia mikopo ya miji, baada ya kudai nakala za matangazo yote, hata lile la arobaini na moja, ikaidhinisha mwezi wa nne.

Kabla ya kutia saini, Verna alimpelekea Odell mkataba mpya nyumbani kwake.

"Mimi kituo chenyewe bado sikitaki," alisema mzee. "Kikubwa mno."

"Sijakuuliza kituo. Soma."

Verna akaketi kwenye ngazi za kibaraza cha nyumba, mkoba magotini, akamsubiri mpaka ukurasa wa mwisho.